Nani Anaandika Moto wa Hosteli Zetu?

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kongamano la vijana wa vyuo. Wengi mliomba maandishi yake, nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, utani mwingine tu nimeupunguza.)



Harufu ya pilau imeshafika mpaka huku mbele, kwa hiyo sitazunguka.

Hebu nianze kwa kuwasumbua. Kama umewahi kuishi hosteli ya chuo na ukashuhudia kitu kinaungua, iwe godoro, soketi, pazia, waya wa hita, chochote kile, nyoosha mkono. Haya, naona zaidi ya nusu ya ukumbi. Sasa mkono wako ubaki juu kama unajua kwamba moto ule uliandikwa mahali, na kwamba leo hii ukitaka kwenda kuusoma, utaonyeshwa uusome.

Mikono yote imeshuka. Asanteni. Mada yangu ni hiyo mikono iliyoshuka.

Nchi hii inaujua moto wa mabweni. Juni 1994, sekondari ya Shauritanga, Rombo, tulipoteza wasichana 42. Agosti 2009, Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2020, Byamungu, wilayani Kyerwa, watoto 10 wa shule ya msingi. Majirani zetu Kenya walizika wanafunzi 67 wa Kyanguli mwaka 2001, na Septemba 2024 wakazika watoto 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri. Najua, hizo ni shule, si vyuo. Kuna mtu atasema chuoni wanaishi watu wazima, wanajua kukimbia. Sawa, lakini jengo ni la aina ile ile: vitanda vya ghorofa, nondo dirishani, korido moja ndefu, na mlango wa nyuma una kufuli ambalo ufunguo wake anao mlinzi wa zamu, ambaye usiku huo kaenda kunywa chai. Na chuoni tumeongeza na vitu ambavyo mtoto wa bwenini hana: hita, pasi, jiko la umeme, laptopu tatu na simu sita kwenye soketi moja.

Halafu angalieni kitu kimoja kuhusu hiyo orodha niliyoisoma. Yote hayo tunayajua kwa sababu watu walikufa. Moto uliounguza godoro na kuzimwa kwa ndoo hauko kwenye orodha yoyote. Na mimi kama mwanafunzi wa sheria nasema huo ndio moto ninaoutaka, kwa sababu ndio unaokuja kwanza.

Sheria inasemaje? Tunayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na chini yake kuna kanuni za ukaguzi na vyeti. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia kwenye jengo, kukagua, kutoa maelekezo, kutoa cheti. Cheti kinalipiwa na kinahuishwa kila mwaka. Sitaki kuibeza sheria hii, imefanya kazi yake, mitungi mingi mnayoiona kwenye korido imewekwa kwa sababu yake. Lakini isomeni muone inamtazama nani. Inamtazama mwenye jengo na mkaguzi. Mwenye jengo analipa tozo, mkaguzi anakagua, cheti kinatoka, kinawekwa kwenye faili ofisini kwa bwana mipango. Mwanafunzi anayelala ghorofa ya nne hayumo kwenye mazungumzo hayo. Hakuna kifungu kinachomwambia mkuu wa chuo: kila moto unaotokea kwenye hosteli zako uandike, eleza umesababishwa na nini, na daftari liwe wazi kwa wanaolala humo.

Na kwenye vyuo vya umma kuna jambo jingine, hapa naomba tusilione dogo. Chuo ni cha Serikali. Hosteli imejengwa na wakala wa Serikali. Jeshi la Zimamoto liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Yaani mjenzi, mwenye jengo na mkaguzi wote wanakula chungu kimoja. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba katika familia ya namna hiyo, asiye ndugu ni mwanafunzi peke yake, na ndiye hana karatasi mkononi.

Niwape mfano ninaoujua kwa macho yangu. Chuo sikitaji. Kwenye hosteli niliyoishi mwaka wa kwanza, binti mmoja wa chumba cha mwisho alibandika maharage kwenye jiko la umeme, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Umeme ukakatika. Muda wa kipindi ukafika, akafunga mlango akaenda darasani, jiko limebaki limewashwa kwa sababu nani anakumbuka kuzima kitu ambacho kimeshazimika? Umeme ukarudi saa nane. Maharage yakakauka, sufuria ikaungua, khanga iliyoanikwa juu yake ikashika, kisha godoro. Tulivunja kitasa tukazima kwa ndoo za maji ya kufulia, na tunamshukuru Mungu kuna mwenzetu alikumbuka kwanza kukimbia kushusha swichi kuu, maana kumwagia maji kwenye umeme ni kujiua. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo ukutani, hatua kama kumi hivi. Mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu. Ulikuwa pambo.

Sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo ilipo hoja. Yule binti alirudi mbio, akaingia kuokoa vyeti vyake, akaungua mkono. Zahanati akasema amemwagikiwa uji. Kwa nini? Kwa sababu kupika chumbani ni marufuku, na adhabu yake ni kufukuzwa hosteli katikati ya muhula, uende wapi na boom limeshaisha? Wadeni naye jioni ile akapita mlango kwa mlango: picha zifutwe, asionekane mtu ameweka kwenye grupu. Naye namwelewa, swali la kwanza ambalo angeulizwa na wakubwa ni kwa nini mtungi ulikuwa mtupu. Na wakubwa nao wana udahili wa mwaka kesho, wazazi wasisikie. Ndani ya wiki moja ukuta ukapakwa rangi. Muhula uliofuata chumba kile wakapewa mabinti wawili wa mwaka wa kwanza. Soketi ile ile.

Makamanda, hapo hakuna shetani. Kuna watu watatu, kila mmoja ana sababu yake nzuri tu ya kunyamaza, na sababu hizo tatu zikikutana zinazaa ukuta uliopakwa rangi. Huwezi kuponya hilo kwa semina ya uelewa. Linaponywa kwa wajibu wa kisheria wa kuandika.

Katika kusoma nikakutana na kisa cha Marekani. Septemba 1998, chuo kikuu cha Murray State, jimbo la Kentucky, kuna bweni linaitwa Hester Hall. Usiku mmoja mtu aliwasha moto ghorofa ya nne. Ukazimwa. Siku tano baadaye, alfajiri, ukawashwa tena, ghorofa ile ile, na safari hii mwanafunzi wa muziki, Michael Minger, akafa. Familia yake ilipoanza kuuliza ikagundua kwamba kulikuwa na moto wa kwanza ambao wazazi hawakuambiwa. Mama yake hakukubali yaishie kwenye rambirambi. Alihangaika mpaka mwaka 2000 bunge la jimbo lile likapitisha sheria yenye jina la mwanawe, inayovitaka vyuo kuripoti kila moto, na hata tishio la moto, kwa ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo. Mwaka huo huo wa 2000, Januari, bweni la Boland Hall katika chuo cha Seton Hall, New Jersey, lilikuwa limewaka: wamekufa wanafunzi 3, wameumia zaidi ya 50. Pale kengele za uongo zilikuwa zimezoeleka kiasi kwamba wengine walisikia king'ora wakajifunika shuka wakaendelea kulala.

Ikawachukua mpaka 2008 kuweka jambo hili kwenye sheria ya nchi nzima, miaka minane ya kuvutana, kwa hiyo tusidhani wenzetu ni malaika. Lakini walichokiandika kimenifurahisha kwa udogo wake. Kila chuo chenye mabweni ndani ya kampasi lazima kiwe na daftari la moto. Moto ukitokea, chuo kikipata taarifa, ndani ya siku 2 za kazi uwe umeandikwa: aina ya moto, tarehe, saa, na mahali. Daftari la siku 60 za karibuni linakuwa wazi saa za kazi kwa yeyote anayeliomba, siyo mpaka uandike barua kupitia kwa mshauri wa wanafunzi ikapitie kwa nani. Na kila mwaka, kabla au ifikapo tarehe 1 Oktoba, chuo kinatoa ripoti yenye takwimu za miaka 3, bweni kwa bweni: moto mara ngapi, chanzo, walioumia, waliokufa, thamani ya mali iliyoungua. Bweni lina mfumo gani wa kuzimia moto, mazoezi ya kutoka nje yamefanyika mara ngapi, na kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: orodha ya vyeo vya watu ambao mwanafunzi atawaambia kwamba moto umetokea. Vyeo, ili mtu akihama kazi wajibu usihame naye.

Na moto ni nini? Wamesema ni mwako wowote mahali pasipokusudiwa kuwaka, au mwako uliotoka nje ya udhibiti. Basi. Godoro la yule binti limo.

Sasa kinachonivutia zaidi kama mtu wa sheria si daftari, ni ndoano. Sheria ile inavibana vyuo kupitia fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi, mikopo na ruzuku. Chuo kinachotaka wanafunzi wake wapate fedha hizo kinaandika moto wake. Kikidanganya, faini ni zaidi ya dola 60,000 kwa kila kosa. Nadhani mmeshaona ninakoelekea. Sisi tuna Bodi ya Mikopo tangu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ada ya mnufaika inakwenda chuoni moja kwa moja, vyuo binafsi kwa vya umma. Ndoano tunayo! Fedha inayolipa ada yako ni deni lako, utakatwa kwenye mshahara mpaka nywele zikuote mvi. Mkopeshaji anakuuliza mpaka kazi ya marehemu babu yako, halafu haulizi hata swali moja kuhusu jengo utakalolala? Na tunayo TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vingine, wanaokagua mitaala, idadi ya wahadhiri, vitabu vya maktaba. Kuongeza ukurasa mmoja wa moto kwenye ukaguzi ule hakuhitaji kuitisha Bunge.

Ila nawaomba tusiichukue sheria ya watu ilivyo, tukabandika jina la Kiswahili. Ile ya Marekani inahesabu mabweni yaliyo ndani ya kampasi tu. Ukipanga nyumba mtaani nje ya geti, hauko kwenye hesabu, na kule kwao vifo vingi vya wanafunzi kwa moto vimetokea huko huko nje. Kwetu tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu wengi wetu hatulali kampasi. Tunalala mageto na hosteli za watu binafsi, nyumba ya familia iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba 16, Luku moja, geti moja linafungwa saa nne usiku na mwenye nyumba anaondoka na ufunguo. Chuo kinazijua hosteli hizi, nyingine kinazitangaza kwenye ubao wake wakati wa udahili. Basi hosteli yoyote ambayo chuo kinaielekezea mwanafunzi iingie kwenye daftari la chuo. Ukimwelekeza mtu mahali pa kulala, sema kuna moto au hakuna.

Na kwenye daftari hilo lazima kuwe na kinga. Mwanafunzi anayeripoti moto asiadhibiwe kwa kosa lililojulikana kwa sababu ameripoti. Hapa najua tutagawanyika, hata jana usiku kwenye kamati tulibishana mpaka saa saba. Kuna mwenzetu anasema ukimsamehe aliyepika chumbani unawaalika wote wapike. Jibu langu ni kwamba wanapika tayari. Nauliza mnapika? Msijibu, wadeni wanaweza kuwa humu. Wanapika kwa sababu boom halitoshi mara tatu kwa siku kantini. Kuna njia mbili: jiko la pamoja lenye soketi imara kila ghorofa, au mchezo wa kujificha ambao mwisho wake ni mkono ulioungua unaoitwa uji. Mimi nimechagua upande wangu.

Mtu mwingine atasema vyuo havina hela. Vinyunyizio vya maji kwenye dari, sawa, ni hela nyingi, na sijavidai leo. Ninachodai kinauzwa duka la vifaa vya ofisi. Daftari moja na kalamu, na mtu mmoja mwenye cheo cha kuandika.

Nasi tumezoea kuwacheka Zimamoto, eti wanakuja bila maji. Wakati mwingine tunasema kweli. Lakini namba yao ni 114, bure, na mara ngapi tumeipiga kabla ya ndoo ya tatu? Moto usiopigiwa simu hauingii hata kwenye hesabu zao, halafu bajeti yao ikija bungeni tunashangaa kwa nini mkoa mzima una gari mbili. Kuripoti kunawasaidia na wao kudai wanachostahili. Wabunge wanaotuunga mkono wakisimama kuuliza swali, wawe na namba, wasiwe na hasira tu.

Naomba niseme kidogo kuhusu woga, kwa sababu najua wangapi humu wanaufikiria. Desemba 2017 picha za nyufa kwenye hosteli mpya za Mlimani zilisambaa mitandaoni. Wakala wa Majengo wakaeleza kwamba ni nafasi zilizoachwa kitaalamu ili jengo litanuke. Inawezekana wataalamu walikuwa sahihi, mimi si injinia. Ninachojua ni kwamba mwanafunzi aliyehusishwa na picha zile alikamatwa na polisi. Jibu la swali kuhusu jengo lilianzia kituoni, na kila mwanafunzi wa hosteli nchi hii alijifunza somo hilo siku hiyo bila kuingia darasani.

Kwa hiyo sisemi mkapige picha mkarushe. Nasema tutumie karatasi, kwa sababu karatasi zinatulinda zaidi. Katiba, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu: unaandika ombi, unataja taarifa unayoitaka, na mwenye taarifa ana siku 30 za kukujibu. Inavigusa vyombo vya umma, na inavigusa pia vya binafsi vinavyotumia fedha za umma au vinavyoshikilia taarifa yenye maslahi kwa umma. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini isomeni kwa makini: inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, haimlindi aliyeanzia Instagram. Tofauti hiyo ni ya kuijua kabla, si baada.

Tumeandaa barua ya ukurasa mmoja. Ina maswali machache tu. Cheti cha usalama wa moto cha kila hosteli, nakala yake na tarehe. Ripoti ya mwisho ya mkaguzi, na nini kimetekelezwa. Moto mara ngapi kwa miaka 3 iliyopita, wapi, chanzo nini. Mazoezi ya kutoka nje yamefanyika lini. Mwanafunzi aripoti kwa nani, cheo gani, simu ipi. Hakuna jina la chama kwenye barua hiyo, na ni makusudi. Iandikwe kwa jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili, na kama serikali ya wanafunzi ya chuo chenu iko tayari, isaini yenyewe. Moto hauulizi kadi, na nisingependa mkuu wa chuo apate kisingizio cha kuiita barua ya wapinzani akaiweka kapuni.

Ukijibiwa, tuletee jibu. Usipojibiwa, tuletee nakala yenye muhuri wa mapokezi, maana siku 30 zikipita, ukimya nao ni ushahidi na tuna mawakili wawili wamekubali kuzisoma. Hakikisheni muhuri! Barua bila muhuri wa mapokezi ni hadithi.

Nakala ziko meza ya kulia, pembeni ya mlango wa dharura. Mlango huo, kwa taarifa yenu, nimeujaribu asubuhi kabla hatujaanza. Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Tumeomba ukafunguliwa, na meneja wa ukumbi ameahidi hautafungwa mpaka mtu wa mwisho atoke.

Mwenyekiti, nadhani dakika zangu zimeisha. Nakaribisha maswali, nianze na yule kaka wa nyuma ambaye mkono wake haujashuka tangu nilipotaja jiko la pamoja.